Kushika Timazi

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Aberdeen,
nazunguka na ngazi ya vipago vitatu
kurudisha nyuma saa za ukutani.
Ziko kumi na moja: jikoni, ukumbini, kwa dobi,
na ile ya chumba cha dawa inayokimbia dakika nne
hata ukiibembeleza mwaka mzima.
Simu hazinihitaji. Kompyuta imejirekebisha yenyewe,
kimya kimya, kama mtu aliyebadili dini usiku.

Saa nane inakuwa saa saba.
Waliolala hawatajua walichopewa.
Mimi niliye macho nimepewa saa nzima ya kufua mashuka.

Mkataba unasema saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi:
mfumo wa mishahara unahesabu kumi,
miguu yangu inahesabu kumi na moja.
Elspeth anasema deni litalipwa Machi,
zamu itakapokatwa saa moja.
Machi iliyopita zamu ile fupi ilimwangukia yeye.

Jioni Mwajabu aliniuliza kwa simu,
"Serikali inawezaje kusogeza saa?"
Nikamwambia: mwanangu, hapo Kondoa jua halina upendeleo,
Juni na Desemba ni ndugu wa tumbo moja.
Huku lina tabia za mgeni tajiri.
Kiangazi haliagi, saa nne usiku lingali barazani;
majira ya baridi linachungulia mlangoni,
halisubiri hata chai ichemke.
Na hicho kiangazi linaamka mno kabla ya watu,
mwanga unamwagikia mapazia bure.
Basi wakakubaliana kudanganyana wote kwa pamoja:
Machi mishale isogezwe mbele,
kila mtu aamke mapema bila kuambiwa aamke mapema,
na kipande cha alfajiri kihamishiwe jioni.
Ilikuwa wakati wa vita, makaa ya mawe hayatoshi;
taa iliyochelewa kuwashwa ilikuwa gunia lililookolewa.
Oktoba uongo unafutwa,
maana asubuhi nazo zina watoto wa kwenda shule
na barafu njiani.

"Kwa hiyo jua lenyewe halijui?"
Halijui.
Akanyamaza, anahesabu.
"Leo uko nyuma yangu saa mbili. Kesho tatu.
Mbona unazidi kurudi, mama?"

Chumba namba tisa, taa inawaka.
Bwana Farquhar ameketi ukingoni mwa kitanda,
koti juu ya nguo za kulalia,
kiatu cha kulia mguu wa kushoto.
"Nimechelewa mnarani," anasema.
Miaka thelathini na minane alitunza saa ya kanisa huko bara.
Jina la binti yake limemtoka. Usiku huu haujamtoka.

Saa ile, ananieleza, hairudishwi nyuma:
meno yatavunjika, kengele itapoteza hesabu.
Unapanda na kandili,
unaishika timazi kwa mikono miwili,
chuma kizito kama ndama,
mpaka iache kubembea.
Kisha unakaa. Saa nzima, na njiwa, na baridi.
"Wakati haurudi, binti. Unasimama tu
mpaka dunia ikufikie."

Ananyoosha mikono. Timazi haipo.
Nampa kifundo cha mkono wangu.
Anakishika kwa uangalifu wa fundi,
hakikazi, hakilegezi,
nami naketi kwenye kiti cha wageni
katikati ya saa saba ya kwanza na saa saba ya pili.
Chini, mashine ya kufulia inalia imemaliza.
Inalia tena.
Kondoa inakaribia saa kumi na moja, alfajiri,
Mwajabu anageuka upande wa ukutani.
Sisogei.

Aliponiachia ilikuwa saa nane, mara ya pili.
Nikamvua koti. Nikabadilisha viatu, halafu nikavivua.
Kwenye karatasi ya zamu, penye nafasi ya maelezo,
niliandika: chumba namba tisa, saa moja,
kushika.